Picha ya Baba Pacha Akiwa Kazini

Mjini, 3 Machi

Dada yangu Mama Pacha,

Barua yako nimeipata Jumatatu nikaisoma nikiwa nimesimama mlangoni, mkoba begani, viatu sijavua. Sisi huku wazima. Nasema "sisi" utadhani nina watu. Ni mimi na jiko langu la mafuta tu.

Kazi ni ile ile, kutoa nakala za vyeti vya watu tangu asubuhi mpaka vidole vinanuka wino. Lakini Jumamosi, dada, Jumamosi mimi ni mtu mwingine! Yule mzee mwenye studio ya picha za pasipoti, jirani na duka letu, amekubali kunifundisha kupiga picha za barabarani. Wote hapa tunamwita Fundi. Rangi hataki kuisikia. Anasema rangi inamfanya mtu atazame gauni amsahau aliyelivaa, kwa hiyo ananipa filamu ya nyeusi na nyeupe tu, na tunaisafisha wenyewe kwenye chumba cha giza nyuma ya studio, kichumba kisichozidi kabati lako la vyombo.

Sheria zake ni kali. Kamera ikae kiunoni, usiipandishe jichoni. Mtu usimtazame, maana mkishatazamana anajiweka sawa, anakuwa mtu wa pasipoti. Unapita kama mwenye haraka zako, kidole kinafanya kazi, macho yako mbele. Ukiitwa usigeuke. Wiki ya kwanza nilisafisha filamu nzima nikakuta magoti thelathini na sita. Fundi akayapanga mezani yote, akaniuliza kama nimeajiriwa na daktari wa mifupa.

Umeniuliza habari za Baba Pacha. Mara ya mwisho kuonana naye ni mwezi wa kumi na moja, tukanywa chai mgahawani. Ofisini kwao anasema hawapendi wageni, kwa hiyo hata dawati lake silijui. Tangu hapo ni salamu za kupokezana na watu. Mji huu mkubwa, dada, usimhukumu haraka.

Wabusu pacha.

Mdogo wako,
Kitinda

*

Nyumbani, 19 Machi

Wewe Kitinda,

Nimecheka hayo magoti mpaka pacha wakaja kuuliza mama ana nini. Tangu utotoni ulikuwa mtu wa kuchungulia, sasa umepata na mwalimu wa kuchungulia. Haya, soma, ila usije ukapigwa huko barabarani nikaitwa kukuchukua.

Sasa acha nikuambie jambo lisilochekesha. Wifi mkubwa alikuja Jumapili, akakaa kwenye kiti cha kaka yake, mbele ya watoto akaniuliza, "Hivi una hakika bado una mume?" Eti wamesikia kaka yao amepata jiko jipya huko mjini, ndiyo maana akija hakai zaidi ya siku mbili, na akikaa hana maneno. Wifi mdogo yeye hasemi, anaguna tu, na mguno wake unaumiza kuliko maneno ya mwenzake. Nilijikaza. Walipotoka nilikwenda jikoni nikalia juu ya vitunguu ili watoto wasiulize.

Mahitaji hayajatukosa, sisemi uongo, kila mwezi analeta. Lakini mtu anaweza kukuletea kila mwezi na moyo wake ukawa kwingine.

Basi kwa kuwa umejaliwa kamera, nisaidie. Nipigie picha moja ya Baba Pacha akiwa kazini. Sitaki ya kusimama kama mti wa uzio. Nataka nimwone katika shughuli zake, ofisi ionekane, niitundike pale wifi zangu wakiingia wakutane nayo kwanza. Moja tu, Kitinda. Niwazibe midomo.

Dada yako,
Mama Pacha

*

Studio, 2 Aprili

Fundi wangu,

Pole na upasuaji. Natumaini huyo mtoto wa jicho ameshatoka salama na binti yako anakutunza. Studio ni nzima, naifungua jioni nikitoka kazini na siku nzima Jumamosi. Nina jambo, na kama binti yako ndiye anayekusomea, mwombe apunguze sauti.

Jumamosi iliyopita nilipiga filamu moja pale stendi kuu, kando ya choo cha kulipia. Umati ulikuwa mkubwa, makondakta wanaita, wachuuzi wanaita, nami nikapita kamera kiunoni kama ulivyonifundisha, sikumtazama mtu. Jana nikaisafisha. Nikachagua kuchapa ile ya kumi na nne kwa sababu niliona ukuta wa vigae na mkono mmoja unakuja mbele. Karatasi ikakaa kwenye dawa. Ukuta ukatokea. Meza ikatokea, na karatasi za chooni zimepangwa juu yake. Yakatokea maandishi ya ukutani: CHOO, WANAUME KUSHOTO. Halafu uso.

Fundi, ni shemeji yangu. Mume wa dada yangu, baba wa wale pacha ninaokusimulia mpaka unachoka. Sisi sote tunajua ni karani wa kampuni ya kusafirisha mizigo. Amevaa koti jeupe la kazi, mdomo wazi kama anayemwita mteja, mkono umenyooka kuelekea kwangu, na ndani yake karatasi ya choo imekunjwa vizuri.

Nikuambie kitu cha aibu. Kabla sijamtambua nilikuwa nimeshafurahi. Na nilipomtambua niliendelea kufurahi, labda kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, kwa sababu ndiyo picha yangu ya kwanza ambayo kweli ni picha. Halafu haya ikanishika, nikazima ile taa nyekundu nikakaa gizani na harufu ya dawa.

Dada ameniomba picha ya mumewe akiwa kazini. Sijui nicheke au nilie. Nifanye nini?

Mwanafunzi wako,
Kitinda

*

Nyumbani kwa binti yangu, 8 Aprili

Kitinda,

Naandika mwenyewe. Jicho moja limefunguliwa, ndiyo maana herufi zinatembea. Barua yako binti yangu aliisoma wodini kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, kwa hiyo wagonjwa sita wanamjua shemeji yako.

Umeniuliza ufanye nini. Mambo ya mashemeji mimi siyajui, sikuwahi kudumu na hata mmoja. Najua picha. Nyumbani huyo ni shemeji yako; barabarani ni mtu mwenye mkono mzuri, na mdomo ule wazi kama ulivyoueleza unauza picha yote. Ichape nzima, ukingo hadi ukingo, meza, karatasi, maandishi na kila kitu. Usithubutu kuipunguza. Mpiga picha anayekata kitu kwa sababu kinamtia mtu haya, kesho atakata kitu kwa sababu kinamlipa.

Maktaba kuu wanakusanya picha za wanaojifunza, mwisho ni tarehe thelathini. Ipeleke. Nimefundisha watu ishirini na mbili, na waliopata picha kama hiyo mwaka wa kwanza hawafiki wawili.

Na usimwage dawa kwenye sinki, bomba litaoza.

Fundi

*

Mjini, 12 Aprili

Dada mpenzi,

Haya, mzigo wako huo ndani ya bahasha! Nimeuweka kati ya kadi mbili ngumu usije ukakunjika. Nilimpitia Baba Pacha kazini, nikamkuta kazi imemfika shingoni, tukasalimiana juu juu, anawasalimu wote na pacha zaidi. Nilipiga haraka haraka, ndiyo maana mkono umeingia ukungu kidogo, Fundi anasema huo ndio uzuri wake. Pale kwao ni pa vigae, pasafi sana. Koti jeupe ni sare, mambo ya vumbi la mafaili.

Samahani kwa picha kuwa nyembamba hivyo. Karatasi ilikuwa imebaki kipande.

Siandiki mengi, bosi wangu ananikodolea macho.

Wako,
Kitinda

*

Nyumbani, 27 Aprili

Kitinda wangu, macho yangu ya mjini,

Mungu akuweke! Nimeipeleka kwa seremala kabla hata sijala, nikamsimamia mpaka akanitengenezea fremu na kioo. Iko sebuleni mkabala na mlango, anayeingia hana pa kupita asiione.

Wifi mkubwa aliingia, akasimama, akaitumbulia macho, akasema, "Kaka amekonda." Basi! Hilo ndilo alilolipata. Wifi mdogo akaniuliza mkononi ana nini, nikamwambia, we hujui karatasi za ofisi ukiziona? Anampa mteja hati yake. Akanywea. Nikawapikia chai yenye maziwa mengi, kwa furaha.

Mimi mwenyewe nimeutazama sana ule mdomo wazi. Anaongea na mtu kwa heshima, unaona hata kwenye picha kwamba anamjali huyo anayeongea naye. Yule ndiye mwanaume aliyenioa. Nikuambie, na iishie kwako: nilikuwa nimeshaanza kuamini maneno yao. Nilikuwa nimezitoa nguo zake kabatini nikazikunja sandukuni, nimwambie akija achukue aende. Juzi nimezirudisha moja moja, nyingine nikazipiga pasi upya.

Umenirudishia nyumba yangu, mdogo wangu. Sina cha kukulipa.

Dada yako anayekupenda,
Mama Pacha

*

Studio, 14 Mei

Fundi,

Nasikia wanakufungulia jicho la pili wiki ijayo. Utaona vumbi lote ambalo sijalifuta.

Ile picha nimeipeleka maktaba. Nzima. Wameichagua, itakuwa karibu na mlango. Mwanamke wa mapokezi aliniuliza kama mhusika anajua, nikasema ndiyo bila hata kumeza mate. Nilijiambia wa nyumbani kwetu hawaji maktaba kutazama picha. Nilijiambia uso wake si mkubwa hivyo. Nilijiambia mengi njiani, yote nikajikubalia.

Kuna lingine ambalo sikukuambia. Ulinikataza nisiipunguze, na niliipunguza. Nakala moja niliisogeza kwenye mashine ya kukuzia, nikatoa meza na karatasi zilizo juu yake, nikatoa maandishi, nikamwachia koti, uso na mkono. Hiyo ndiyo iliyo ukutani kwa dada, ndani ya kioo. Dada anadhani ameshika hati. Nilipokuwa naikata nilikuwa natafuta tu mkato mzuri.

Kwa hiyo nina picha mbili za mtu mmoja, moja ya kumfichia dada na moja ya kujipatia sifa. Na mwenyewe sijamwona. Ningeweza kwenda kesho, ni mtaa wa pili. Badala yake tangu siku ile sipiti stendi, nazunguka nyuma ya soko, dakika ishirini zaidi, kwenda na kurudi. Nikiona koti jeupe mbali, hata la muuza mikate, navuka barabara.

Usinijibu. Nilitaka tu mtu ajue.

Kitinda

*

Choo cha Stendi Kuu, 10 Juni

Shemeji,

Naandika anwani yangu kamili ili tusipotezeane muda.

Leo asubuhi mteja mmoja alitoka ndani na gazeti lake, akalitandaza juu ya meza yangu akasema, "Mzee, si wewe huyu?" Nikaona ni mimi. Ukurasa wa kumi na mbili, habari za maonyesho ya maktaba kuu, na chini ya picha jina lako. Yule bwana alifurahi kuliko mimi. Aliniomba nimwekee sahihi.

Ofisi yetu ilifungwa mwaka juzi mwezi wa nane. Nilizunguka na vyeti vyangu miezi mitano, nikapata hapa. Ni kazi ya halali, na choo changu ni kisafi kuliko ofisi niliyotoka. Sikumwambia dada yako, na kila mwezi uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Nyumbani nilikuwa nakaa siku mbili kwa sababu siku ya tatu pacha huanza kuuliza habari za kazi. Kosa hilo ni langu, sikulaumu nalo.

Ninalokuandikia ni hili. Siku ile nilikuona. Nilikuona tangu uko kwenye kona ya wauza viatu. Nilikuwa na nafasi ya kuingia ndani nikajibanza, kama nilivyofanya mara mbili huko nyuma ulipopita. Siku ile nikasema basi, nimechoka kujificha kama mwizi, acha huyu ajue, yeye ataijua namna ya kumwambia dada yake. Nikasimama. Nikaita, "Shemeji!" Nikaita mara ya pili. Nikanyoosha mkono nikupe mkono, hata karatasi ya mteja nikasahau kuiachia. Ulipita hatua tatu kutoka kwangu, ukatazama mbele, ukaenda.

Nilidhani umeona haya kunisalimu, nikasema ana haki yake. Miezi miwili na zaidi nimekaa na hilo. Kumbe ulikuwa kazini.

Nimeomba ruhusa. Kesho asubuhi napanda basi nikamwambie dada yako kwa mdomo wangu kabla gazeti halijafika huko. Sikuombi kitu. Ila kama kuna jambo analolijua dada yako nami silijui, ningependa kulijua kabla sijapiga hodi.

Baba Pacha

*

Mjini, 13 Juni

Dada,

Barua hii itakukuta umeshaambiwa. Baba Pacha aliniandikia, barua yake nimeipata leo, na yeye ameondoka juzi. Aliniuliza kama kuna jambo unalolijua asilolijua, na sikuwahi kumjibu, kwa hiyo ameingia ndani mwako hajui kwamba yuko ukutani. Ningeweza kukimbilia basi. Nilifika hadi kwenye dirisha la tiketi, mwenye kukata akaniuliza naenda wapi, nikasema nimekosea dirisha.

Kwa hiyo nasema kwa kalamu. Picha niliyokuletea si nzima. Upande wa kushoto kuna meza yenye karatasi za chooni, na juu kuna maandishi ya choo. Niliviondoa mimi. Anachoshika si hati. Sikumpitia kazini na hatukusalimiana juu juu wala chini chini. Zile salamu za pacha nilizitunga nikiwa nimekaa kitandani. Na hiyo picha nzima niliipeleka kwenye maonyesho, wakaichagua, nikapongezwa, nikasema asante.

Bado kuna kubwa zaidi. Ule mkono alikuwa ananipa mimi. Yeye anadhani sikusikia, na kwenye barua yake amenitafutia udhuru ambao sistahili. Nilisikia, dada. Nilisikia mtu akiita "Shemeji". Huku mjini kila mchuuzi anakuita shemeji, dada, mrembo, ili ununue soksi, na hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini sauti ile ninaijua, imenifundisha hesabu darasa la sita mezani kwako. Mguu wangu ulisita. Fundi alisema ukiitwa usigeuke, nami nikataka kuwa mwanafunzi mzuri, nikabonyeza, nikapita. Nilipomwona kwenye dawa sikushangaa kama nilivyomwandikia Fundi. Nilikuwa nangoja nione kama ni yeye.

Sina pa kuuweka uso wangu. Fanya utakavyo na mimi.

Kitinda

*

Nyumbani, 27 Juni

Kitinda,

Alifika jioni, amechoka na safari. Mimi kwa furaha hata mfuko sikumpokea, nikamshika mkono nikampeleka mbele ya picha, nikamwambia tazama nilivyokuweka. Akatazama muda mrefu. Akaniuliza, "Meza yangu iko wapi?" Nikadhani anatania, nikacheka. Nilicheka peke yangu, Kitinda, mpaka nikasikia ninavyocheka.

Akakaa chini akanieleza. Nilimkasirikia, sikufichi, nikamwambia miaka miwili umenilaza na mtu nisiyemjua. Akala, asubuhi akanieleza tena kwa utulivu. Hayo ni yangu na yake na yanakwenda. Kazi yake hainiumi. Mwanaume anayesafisha mahali watu wanapojisaidia ana kosa gani? Aliondoka Jumatatu, na nguo zake ziko kabatini.

Barua yako ikafika Alhamisi. Ningekuwa nimeisoma yeye akiwepo labda ningejua la kusema.

Jumamosi wifi mdogo alinunua sabuni, akafungiwa kwa gazeti. Unajua gazeti lipi. Wakaja wote wawili, wakaliweka pembeni ya fremu yangu, hati na karatasi ya choo, mkono kwa mkono. Sasa mimi ndiye mwongo. Eti nilijua tangu mwanzo, eti nilimtuma mdogo wangu anitengenezee picha ya kuwapumbaza ndugu wa mume, na ile chai yenye maziwa nilikuwa nawacheka. Wifi mkubwa haitikii salamu yangu. Sokoni wananiuliza, "Ofisini hawajambo?" Pacha mmoja amerudi shule na shati limechanika, mwenzake hasemi nani kampiga.

Nimewaambia sikujua. Hawaamini, na ningekuwa wao nisingeamini pia, kwa jinsi nilivyotamba.

Usiniulize kama nimekusamehe. Nikijua nitakuambia. Ulinipa nusu ya mume nikaishangilia mbele ya mji mzima, sasa niletee mzima. Uje nayo mwenyewe, uitundike kwa mkono wako mbele ya wifi zangu, useme nani aliikata na kwamba mimi sikujua. Barua sitaki. Za kwako zinasomeka vizuri mno.

Mama Pacha

*

Mjini, 6 Julai

Dada,

Jana nimekwenda stendi. Kamera niliiacha studio. Sikujua nisimame wapi, nikasimama kwenye foleni, na zamu yangu ilipofika akanikatia karatasi kabla hajainua uso. Nikamwamkia. Akaitikia. Akasema, "Sogea pembeni, shemeji, watu wana haraka zao." Nikasogea. Nikakaa pale hadi foleni ikaisha, saa nzima na zaidi, ile karatasi mkononi, na kila aliyepita alinitazama akajiuliza yangu.

Nilipopata nafasi nilimwambia kwamba siku ile nilimsikia. Alichukua kitambaa akafuta meza ambayo ilikuwa safi. Nikaanza kuomba radhi, mteja akaja, nikakatika katikati, na mteja alipoondoka sikuweza kuanza upya.

Nikamwomba ruhusa ya kuichapa picha nzima nikuletee. Akafikiri, akasema, "Hapana. Mimi nimeshatazamwa vya kutosha." Ya choo, anasema atayajibu mwenyewe kwa dada zake akija, na hana haya nayo tena. Lakini la wewe kutokujua hawezi kulisema yeye, wataona anamtetea mkewe. "Hilo ni lako," akaniambia, akaita anayefuata.

Nimeitoa picha maktaba. Fundi amerudi na macho yote mawili, amenikemea mbele ya wateja wa pasipoti, anasema nimeiua picha bora niliyonayo, na sijamwambia kwamba anakosea kwa sababu hakosei. Negativu, kile kipande cha filamu yenyewe, nimempa Baba Pacha. Akaiinua kwenye mwanga, akajitazama, akaitia mfukoni mwa koti.

Kwa hiyo sina mume mzima wa kukuletea. Nakuja na basi la Alhamisi, nakuja mikono mitupu. Hiyo iliyo ukutani usiiguse, nitaiteremsha mwenyewe. Waite wifi zako wote wawili, na jirani yeyote aliyekuuliza hali ya ofisi, na pacha wawepo. Sitakuwa na cha kuwaonyesha, itabidi niwatazame usoni niseme. Nimejaribu mbele ya kioo mara tatu, kila mara nafika "Mimi ndiye niliye..." nageuza macho.

Nitaanza na wifi mkubwa. Nikikwama, dada, nakuomba usinimalizie.

Kitinda